Sumu ya panya niliyoweka stoo imeua paka wangu, matetea wawili wa jirani na bundi wa mwembeni (Isevya, Tabora)

MamaNafaka (mwanzisha uzi)

Wanajamvi, mwangaluka. Naandika nikiwa na uchungu, ila nikinyamaza kesho yatamkuta mwingine.

Mimi ni muuza nafaka hapa Isevya, Tabora mjini. Chumba cha mbele ni duka, cha nyuma ni stoo, na uani tuko nyumba tatu tunaochangia kisima kimoja, mwembe mmoja mkubwa na kuku wa kila mtu wanaochanganyika mchana kutwa, jioni kila mmoja anajua banda lake. Baada ya mavuno ya mwaka huu panya walinizidi. Leo wametoboa gunia la karanga, kesho mahindi. Mama mkwe aliniletea viroba viwili vya michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka Sikonge, nilipovifungua nikakuta unga na mavi ya panya. Na mteja akiona kinyesi cha panya kwenye mchele wako siku moja tu, harudi tena, na anawaambia wenzake.

Akapita kijana na kile kipaza sauti kinachojirudia chenyewe, dawa ya panya, mende, kunguni, papasi. Nikanunua pakiti tatu. Mbili zilikuwa na punje nyekundu kama ngano iliyopakwa rangi, ya tatu unga wa kijivu. Haikuwepo lebo ya maana, ni picha ya panya amelala chali na maandishi ya lugha nisiyoijua. Kijana akaniambia, "Mama, weka jioni, asubuhi unazoa." Nikachanganya na karanga za kutwanga, nikaweka kwenye vifuniko vya ndoo nyuma ya magunia na chini ya ukuta wa nje, pale panya wanapopita. Sikumwambia mtu yeyote pale uani. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku mbili za kwanza kimya. Siku ya nne nikaanza kuwaona panya mchana kweupe, wanatembea polepole karibu na ukuta, hata ukiwapigia kelele hawakimbii. Nikafurahi, nikasema dawa imewakolea. Paka wangu Chausiku akamkamata mmoja mbele yangu, akaingia naye chini ya meza. Nikampongeza.

Baada ya siku tatu Chausiku akawa hali. Anajificha chini ya kitanda, ukimshika anapumua kwa shida. Nilimfungua mdomo nikakuta ufizi umekuwa mweupe kama karatasi. Puani kuna damu. Nilidhani amepigwa na mtu au amegongwa na bodaboda. Alfajiri akafa. Siku hiyohiyo bibi wa nyumba ya pili akaokota matetea wake wawili nyuma ya ukuta wangu, mmoja alikuwa na mayai ya kuatamia.

Kesho yake mwanangu wa darasa la sita akaniita chini ya mwembe. Bundi alikuwa kifudifudi, mabawa ameyatandaza, tone la damu kwenye mdomo. Ni yule mweupe mwenye uso kama moyo. Alikuwa anaishi pale kwetu zaidi ya miaka minne. Watu wa uani walikuja kuangalia na wengi wakasema afadhali, mkosi umeondoka. Mmoja akaomba kiberiti amchome. Mwanangu akalia. Yeye alikuwa na kawaida ya kuokota yale matonge ya manyoya na mifupa ambayo bundi hutapika chini ya mti, anayalowesha kwenye maji anahesabu mafuvu ya panya. Ana kopo zima la mafuvu. Ndipo nikaelewa. Nimewaua wawili waliokuwa wananisaidia kazi bila kunidai hata shilingi, na panya bado wapo. Usiku wa kuamkia leo wametoboa gunia la maharage.

Naomba wenye utaalamu mnieleze, mle kwenye pakiti mlikuwa na nini? Na mtu mwenye stoo ya chakula afanye nini na panya bila kuua uani kote?

Kapuku_wa_Reli

Pole sana mama, hasa kwa paka. Ila mimi nitasema ninavyoamini: bundi akilia juu ya nyumba si jambo la kheri. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Kwa hilo sikuhurumii.

BintiUrambo

Dada pole. Umenikumbusha mbwa wetu. Baba aliweka vipande vya bluu, vile vigumu kama nta ya mshumaa, kwenye banda la kukaushia tumbaku kwa sababu panya walikuwa wanatafuna kamba. Mbwa hakula ile nta kabisa, tulikuwa tumeiweka juu. Alikuwa anakula panya waliokufa. Alianza kuvimba goti bila kuumia popote, kisha akawa anakojoa damu. Tukasema karogwa. Kila mtu aliyekuja alikuwa na jina la mchawi, hakuna aliyeuliza kuhusu nta.

Bwana_Mifugo

MamaNafaka, pole. Nimefanya kazi ya mifugo mkoa huu miaka mingi, na kesi kama yako huletwa ikiwa imechelewa kila mara, kwa sababu ya zile siku tatu nne za ukimya. Nitaeleza kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Kwa dalili ulizotaja, ufizi mweupe, damu puani na siku kadhaa za kusubiri, zile punje nyekundu kwa vyovyote zilikuwa za kundi la sumu zinazozuia damu kuganda. Asili yake ni ng'ombe. Huko Marekani, jimbo la Wisconsin, ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani makavu ya jamii ya kunde yaliyooza kwa ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja alimpelekea mwanakemia Karl Paul Link ng'ombe aliyekufa pamoja na chombo cha damu iliyokataa kuganda. Kutokana na utafiti ule ikapatikana warfarini, ikaanza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948. Baadaye madaktari wakaitumia kwa watu wenye tatizo la damu kuganda ovyo, kwa vipimo maalumu, na inatumika hadi leo.

Mwili unahitaji vitamini K ili ini litengeneze vile viini vinavyogandisha damu. Kila siku mishipa midogo inachanika mahali fulani mwilini, tunajiziba bila kujua. Sumu hii inazuia ini kuitumia ile vitamini tena na tena. Viini vilivyokuwa tayari kwenye damu vinaendelea kufanya kazi siku mbili tatu, vikiisha, mnyama anavuja damu ndani kwa ndani. Mwingine inavujia kifuani ndiyo maana anapumua kwa shida kama Chausiku. Mwingine inavujia kwenye kiungo, kama goti la mbwa wa BintiUrambo. Huo haukuwa uchawi.

Warfarini ilihitaji panya ale siku kadhaa mfululizo. Lakini panya wa Ulaya wakaanza kuizoea, Uskoti usugu ulionekana mwaka 1958. Wataalamu wakatengeneza kizazi cha pili: brodifakumu, bromadioloni, difenakumu. Hizi panya akila mara moja inatosha kumuua. Tatizo ni kwamba hafi hapohapo. Anakaa siku tatu, tano, hata saba, na siku zote hizo anarudi kula. Kwa hiyo anapokufa ana sumu tumboni na kwenye ini ya kuua panya wengi. Na kabla hajafa anadhoofika, anatoka mchana, hakimbii. Paka, bundi, mwewe, nguchiro, kanu, kenge, wote wanamchagua huyohuyo kwa sababu ndiye rahisi kukamata. Na sumu ya kizazi cha pili hukaa kwenye ini kwa miezi. Bundi anayekula panya mmoja mwenye sumu wiki hii na mwingine wiki ijayo anaijaza akiba yake mpaka siku anapojikwaruza kidogo tu damu ikashindwa kuganda.

Ule unga wa kijivu nao nausema, kwa sababu ni hatari ya namna nyingine. Ukiunusa ukakuta harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, yaelekea ni fosfidi ya zinki. Ikikutana na asidi ya tumboni inatoa gesi ya fosfini. Inaua haraka, ndani ya saa chache, na haina dawa ya kuibatilisha. Kuku akiidonoa hana muda. Matetea wa bibi, kama walikufa ghafla wakiwa na afya jana yake, mimi naushuku unga huo kuliko zile punje. Na mbwa aliyekula unga huu akitapika ndani ya chumba kilichofungwa, mnaomhudumia mnaweza kuvuta ile gesi nanyi mkaumwa. Fungueni madirisha, mtoeni nje.

Ipo ya tatu ambayo bahati nzuri hukuitaja: chembechembe ndogo nyeusi zinazouzwa kwenye vikaratasi, mnyama anatoka udenda, anatetemeka, anakakamaa na kufa kabla hujafika barabarani. Hizo mara nyingi ni viuatilifu vikali vya shambani vilivyofungwa upya kienyeji. Brazili wana balaa hilohilo mitaani, wanaiita chumbinho. Ukiletewa, usinunue hata bure.

MamaNafaka

Bwana Mifugo, asante sana. Nimesoma mara tatu. Ni kweli ule unga ulinuka kama kitunguu saumu, nilidhani wameweka kiungo cha kuwavuta panya. Na matetea bibi aliwaona saa kumi wakiparua vizuri, asubuhi wakawa wameshakauka.

Nilimpa Chausiku maziwa ya moto na kijiko cha mafuta ya alizeti, ndivyo tulivyofundishwa nyumbani. Je, nilimuumiza zaidi?

Bwana_Mifugo

Kwa sumu ya damu, maziwa hayakumsaidia na pengine hayakumdhuru. Kwa fosfidi, usimpe mnyama chakula wala maziwa, tumbo likianza kusaga linaongeza asidi na gesi inazidi. Usijilaumu kwa hilo, kila nyumba inajua maziwa.

Sumu ya damu ina dawa, ni vitamini K1. Tunaanza kwa sindano au vidonge na tunaendelea wiki kadhaa, kwa kizazi cha pili hata mwezi, maana ukiacha mapema sumu iliyobaki kwenye ini inaanza upya. Watu wengi wanaacha siku ya tano wakiona mbwa amechangamka. Kikubwa ni kuja mapema: ukimwona mnyama wako amekula punje au amekula panya aliyelegea, usisubiri dalili. Njoo siku hiyohiyo, na njoo na pakiti. Pakiti hata iwe imechanika inanisaidia kuliko maelezo ya saa nzima. Ofisi za mifugo zipo kwenye kata, na Tabora tuna kituo cha maabara ya mifugo ya TVLA.

Kapuku_wa_Reli

Mkuu elimu nzuri. Lakini tuseme ukweli. Mtu ana gunia kumi za mpunga, kakopa pesa ya pembejeo, panya wanakula kila usiku. Unamwambia asiweke sumu kwa sababu ya bundi? Sisi siyo matajiri wa kuwafikiria ndege. Mitego ya dukani inanasa mmoja wakati wako hamsini.

Mzee_wa_Ngambo

Kijana Kapuku, nimekusoma na sikukasirikii. Nami nilizaliwa nikaambiwa bundi ni mjumbe wa kifo. Miaka ya nyuma nikiwa Ulyankulu nilikuwa na vihenge viwili vya mahindi. Kwenye mti mkavu karibu na vihenge walikaa bundi wawili wakazaa. Jirani zangu wakaniambia niukate mti. Nikaukata. Msimu uliofuata nilivuna vizuri kuliko miaka yote, na nikala kidogo kuliko miaka yote, kwa sababu vihenge vyangu vilikuwa vijiji vya panya. Misiba haikupungua kijijini baada ya kukata mti. Watu waliendelea kufa kwa malaria na kwa uzazi kama kawaida.

Bundi analia karibu na nyumba yenye panya kwa sababu hapo ndipo chakula chake kilipo. Na nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu taa haizimwi, watu wako macho, ndiyo wanaomsikia. Mimi nimelifikiria hilo kwa miaka mingi na sijaona maelezo mengine yanayonitosha.

Mama Nafaka, huyo mtoto wako anayehesabu mafuvu usimkataze.

MamaNafaka

Shikamoo mzee. Asante. Simkatazi. Baada ya kusoma ulichoandika nilimwomba aniletee kopo lake tuhesabu pamoja. Kwenye matonge tisa aliyokuwa ameyaandikia tarehe, tulipata mafuvu 31. Mengine ni ya panya wadogo wa nyumbani, mengine ya wakubwa. Hakukuwa na kifaranga hata mmoja, na bibi alikuwa anamtuhumu yule bundi kila kifaranga kinapopotea.

Mwanachuo_Moro

Habari zenu. Nimesoma kilimo Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, ambako kuna wataalamu wa panya kwa miongo mingi sasa. Chuo hikihiki ndicho makao ya wale panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, kwa hiyo panya kwetu ni somo kubwa.

Kapuku ana hoja na naomba tusimbeze. Hasara ya panya ni ya kweli. Panya shamba, huyu mwenye matiti mengi, anabeba mimba wiki tatu na ushee na anaweza kuzaa zaidi ya kumi kwa mkupuo. Mvua zikija vizuri wanalipuka. Lakini hapohapo ndipo hesabu ya sumu inapokataa. Ukiua panya thelathini leo huku magunia yako wazi na matundu yako wazi, wale watano waliobaki wanapata chakula kingi na nafasi tele, na panya wa jirani wanahamia. Miezi michache wamerudi idadi ileile. Paka naye anabeba mimba miezi miwili, na bundi anategemea apate tundu la kutagia na chakula cha kutosha. Wewe umeua pande zote mbili, lakini upande unaorudi haraka ni wa panya.

Jambo lingine ambalo sijaona likitajwa. Panya ana viroboto. Akifa ghafla kwa wingi, viroboto wanamwacha na kutafuta damu nyingine. Lushoto walipambana na tauni kwa miaka mingi kuanzia 1980, na huko hata mtoto anajua kwamba panya waliokufa wengi ni jambo la kutoa taarifa. Tabora hatuna tauni, ila usiokote panya aliyekufa kwa mkono mtupu. Tumia mfuko wa nailoni kama glovu, mzike chini kiasi mbwa hawezi kufukua. Usimtupe jalalani, wala usimtupe chooni ukidhani umemaliza.

Na hili si tatizo la maskini peke yao. New York alikuwepo bundi mkubwa aliyeitwa Flaco, alitoroka kwenye bustani ya wanyama ya Central Park Februari 2023 baada ya mtu kukata wavu wake. Mji mzima ulimpenda, akaishi huru mwaka mmoja kwa kula panya wa mjini. Alipokufa Februari 2024 uchunguzi ulikuta mwilini mwake kiasi kikubwa cha sumu za panya, pamoja na virusi alivyovipata kwa kula njiwa. Los Angeles nako, puma mashuhuri, yaani mnyama mkubwa wa mwituni wa jamii ya paka, waliyempa namba P-22 alikutwa na sumu hizihizi mwaka 2014, akatibiwa kwa vitamini K. Jimbo lile la California likapitisha sheria iliyoanza 1 Januari 2021 kuzibana sumu za kizazi cha pili. Puma hali pakiti ya sumu. Alizipata kupitia wanyama aliowala.

Kapuku_wa_Reli

Sawa, hiyo ya bundi wa New York sikuijua. Na hoja ya mzee imeniingia kidogo. Lakini bado hamjanijibu: magunia kumi yafanywe nini?

Fundi_Bati_Kiloleni

Hapo ndipo kwangu. Natengeneza vihenge vya bati na naziba stoo za watu.

Panya mdogo wa nyumbani anapita tundu linaloingia penseli. Yule mkubwa anapita tundu linaloingia kidole gumba. Kwa hiyo usiku zima taa zote ndani ya stoo, mtu asimame nje na tochi yenye mwanga mkali amulike kuta na chini ya mlango. Kila unapoona mwanga ukiwa ndani, weka alama ya chaki. Nyumba nyingi nilizofanyia kazi tatizo kubwa siyo ukuta, ni chini ya mlango na pale paa la bati linapokutana na ukuta, yale mawimbi ya bati yanaacha matundu mfululizo. Usizibe kwa matambara wala mbao, watatafuna. Sokota wavu wa kuku wa matundu madogo, ushindilie ndani, kisha piga sementi juu. Chini ya mlango pigilia ukanda wa bati.

Magunia yasikae sakafuni wala yasiguse ukuta. Weka chaga ya mbao, acha nafasi unayoweza kupita na ufagio. Panya anapenda kutembea akigusa ukuta ubavuni, ukimwachia kichochoro cha giza nyuma ya gunia umemjengea barabara. Kihenge cha nje kinyanyuliwe, na kila mguu uvishwe sahani ya bati iliyoinamia chini kama mwavuli. Kihenge cha bati chenye kifuniko, panya anazunguka mpaka anachoka.

Gharama ipo, sikatai. Lakini mteja wangu mmoja wa Mbugani alikuwa ananunua sumu kila mwezi miaka mitatu. Tulipiga hesabu, ile pesa ilitosha kihenge kimoja na chenji.

BintiUrambo

Na mtego wa ndoo usisahaulike. Sisi baada ya kifo cha mbwa tulihamia huko. Ndoo ya lita ishirini, maji robo. Toboa kopo la maziwa ya unga pande mbili, lipitishe waya, waya ulale juu ya mdomo wa ndoo. Kopo lipake karanga zilizosagwa katikati. Egemeza ubao kama ngazi. Panya anapanda, anakanyaga kopo, linazunguka, anaingia. Usiku wa kwanza tulipata sita, wa pili wanne. Mtego mmoja unanasa usiku kucha bila kutegwa upya. Hakikisha mtoto mdogo hafikii ile ndoo, maji ni maji.

Dagaa wa Kigoma wa kukaanga kidogo nao wanawavuta sana, ila paka atakutangulia.

Jirani_Cheyo

Naomba kuuliza kitu wengine wanaona aibu kuuliza. Kuku akifa hivi, watu wanamchinja haraka kabla hajapoa wanakula. Nimeona kwa macho yangu. Inadhuru?

Bwana_Mifugo

Usile. Usimpe mbwa. Usimuuze, tafadhali sana. Sumu za damu zinajikusanya kwenye ini, na kupika hakuziondoi. Hata kuku aliyekula punje akapona, zinaweza kuingia kwenye mayai yake, kwa hiyo mayai ya uani wenye sumu yasiliwe kwa muda. Aliyekufa kwa fosfidi ukimpasua tumbo gesi inaweza kuwa bado imo.

Na hapa naongeza la watoto. Punje nyekundu, za kijani, za bluu, mtoto wa miaka miwili anaona pipi. Akikutwa nazo mkononi au mdomoni, mpelekeni hospitali pamoja na pakiti, msikae nyumbani kusubiri kuona kama ataumwa. Zile siku tatu za kimya zipo kwa binadamu vilevile.

Ambaye lazima atumie sumu, kwa mfano ghala kubwa, basi iwe iliyosajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, inunuliwe duka la pembejeo lenye kibali, iwe na lebo inayotaja kiambato, na iwekwe ndani ya kisanduku kilichofungwa chenye tundu la panya tu. Mizoga itafutwe kila asubuhi na kuzikwa. Chambo kilichobaki kiondolewe kazi ikiisha. Na majirani waambiwe kabla. Kama uani ni mmoja, hakuna sumu ya mtu mmoja.

MamaNafaka

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu, niliahidi sitautelekeza uzi.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa gumu kuliko yote. Nilimwita bibi na mama wa nyumba ya tatu, nikawaambia ni mimi. Bibi alikuwa ameshamshuku mtu mwingine kabisa, kijana wa nyuma ambaye hana kosa, na walikuwa hawasalimiani. Nilimlipa matetea wawili na nikamwomba radhi yule kijana mbele ya wote. Bibi alikaa kimya muda mrefu, halafu akaniuliza kama mayai aliyokula wiki ile yana shida. Nilimpeleka hospitali akapimwa, yuko salama.

Mama wa nyumba ya tatu aliingia ndani kwake akatoka na pakiti mbili kama zangu, alikuwa ameziweka juu ya kabati la sufuria. Ana mtoto anayetambaa. Tulizipeleka pamoja na masalia yangu kwa bwana shamba wa kata, akazichukua kwa glovu.

Fundi wa Kiloleni alikuja, tulifanya lile la tochi usiku. Wakuu, stoo yangu ilikuwa kama chekeche. Alama za chaki 23. Tumeziba, tumeinua magunia, maembe yanayoanguka watoto wanaokota kila jioni, maana huko nako walikuwa wanakula. Mtego wa ndoo wa BintiUrambo umenipa panya 40 na kitu kwa wiki mbili, sasa zinapita siku tatu sipati hata mmoja. Michembe nimeihamishia kwenye ndoo za mifuniko.

Bundi tulimzika pembeni ya kisima, mwanangu ndiye aliyechagua pale. Juzi saa nane usiku nilisikia ile sauti ya kukwaruza juu ya mwembe, ile ambayo zamani ilinifanya nivute shuka. Nikaamka nikamwamsha mtoto, tukakaa mlangoni bila kuwasha taa. Hatukumwona, lakini asubuhi kulikuwa na tonge moja chini, bichi bado.

Sasa natafuta paka. Mwenye watoto wa paka hapa mjini aniambie.

Kapuku_wa_Reli

Mama, paka wetu hapa karibu na stesheni amezaa watatu, wameshaanza kula dagaa. Njoo Jumamosi na mwanao achague. Nami nina pakiti nne za zile punje hapa ndani, nielekeze huyo bwana shamba anapatikana siku gani.

MamaNafaka

Jumatatu na Alhamisi asubuhi, ofisi ya kata. Jumamosi tunakuja, tutatangulia na kapu.